Pikapu Isiyotaka Joto na Pikapu Isiyotaka Baridi

Mgeni aliingia yadi saa mbili asubuhi bila hodi, akiendesha pikapu kubwa ya rangi ya samli, na hakuizima. Aliteremka, akafunga mlango taratibu kama anayemwachia mtoto alale, akaiacha injini ya dizeli ikinguruma peke yake katikati ya magari yaliyotumika.

Mteremko alikuwa amechuchumaa akiyapaka magurudumu ya pikapu yake dawa ya kung'arisha. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu mdomoni mwake kila jambo lilikuwa rahisi. Gari lililokunywa mafuta mengi, yeye alisema lina hamu ya kazi. Lililovuja oili, alisema linajisafisha. Aliinua kichwa, akaisikiliza ile injini ya mgeni, na moyo wake ukaanza kucheza.

Alikuwa na sababu. Dada yake mkubwa, seremala, alikuwa na madawati ishirini ya kupeleka shule ya juu ya kilima siku hiyohiyo, kabla ya saa tisa. Yakichelewa, mwalimu mkuu angeipa karakana nyingine kazi ya mwaka mzima ujao, na dada angefunga banda lake. Mteremko alikuwa amemwambia usijali, nitayabeba mimi. Mji mzima alikuwa ameudanganya mambo makubwa. Lakini dada yake, huyo alimdanganya madogomadogo tu, na alijivunia hilo.

Tatizo lilikuwa pikapu yake ya buluu, aliyoiita Malkia. Malkia alikuwa na gasketi ya silinda hedi iliyokwisha. Asubuhi, akiwa baridi, alivuta kama fahali. Akishafanya kazi nusu saa, maji yalikimbilia yasikotakiwa, moshi mweupe ukatoka nyuma, na redieta ikachemka kama sufuria ya mgeni rasmi. Alikuwa ameuzwa mara tatu, na mara tatu amerudishwa kwa kamba. Kilima na madawati ishirini vingemmaliza.

Mgeni alieleza shida yake kwa huzuni. Gari lake halina kasoro hata moja, ila mke wake hapendi rangi ya samli. Anataka buluu. Amezunguka yadi zote akitafuta pikapu nzito ya dizeli ya buluu, wabadilishane moja kwa moja, amani irudi nyumbani.

Mteremko alitikisa kichwa kwa uchungu wa mtu anayeombwa figo. Akasema Malkia ni kama ndugu yake. Kisha akakumbuka kwamba ndoa za watu ni jambo takatifu, akakubali.

Walijaribu magari. Mteremko alimzungusha mgeni na Malkia dakika nane, akapita kwenye vivuli vyote vya mtaa, akieleza kwamba injini nzuri hujulikana mapema, kuzidisha ni kumaliza mafuta bure. Mgeni hakubisha. Ilipofika zamu ya ile ya samli, Mteremko alinyoosha mkono kwenye ufunguo aizime, asikilize inavyowaka upya, mgeni akaudaka ule mkono hewani.

"Ukiizima ghafla unaiua turbo, ndugu yangu. Mimi huiacha ipumue kwanza."

"Inapumua muda gani?"

"Inategemea imechokaje."

Mteremko aliguswa. Mtu anayejali turbo kiasi hicho, aliwaza, hata watoto wake lazima wanakula vizuri. Katika miaka kumi ya kazi hajawahi kukutana na mteja asiyetaka kufungua boneti, na siku nyingine yoyote angeshtuka. Lakini na yeye hakutaka boneti ifunguliwe. Alikuwa na kazi kubwa ya kuficha ya kwake, hakubakiwa na jicho la kutafuta ya mwenzake. Walibadilishana karatasi wakitazama saa zao, wakapeana mikono kwa nguvu, na kila mmoja akaondoka upesi kabla mwenzake hajapata akili.

Mteremko alifika kwa dada yake akiimba. Akaegesha mbele ya banda, akazima injini, akampigia saluti. Dada aliizunguka pikapu mara moja, akamwuliza mdogo wake ameiba wapi. Akajibu kwamba ameokoa ndoa.

Kupakia kulichukua saa nzima na nusu, maana dada hakuruhusu dawati lolote liguse lingine bila gunia katikati. Alifunga kamba mwenyewe, akajaribu kila fundo kwa goti. Saa sita Mteremko alipanda, akageuza ufunguo.

Injini ilizunguka, ikakohoa, ikatema moshi kidogo wa kijivu, ikanyamaza. Akageuza tena. Ikazunguka kama mzee anayejigeuza kitandani, ikanyamaza. Alipojaribu mara ya sita, fundi wa magari wa banda la pili alikuja bila kuitwa, akisugua mikono kwa kitambaa, akasikiliza.

Fundi alisema pistoni na ringi zake zimelika, pumzi imekwisha. Ikiwa na joto inawaka na kuvuta vizuri tu. Ikipoa, haiwaki mpaka ivutwe na gari lenzake. Kisha akauliza kwa adabu kama aliyeiuza aliwahi kuizima mbele yake.

Mteremko aliuachia ufunguo. Alimtazama dada yake. Dada hakupiga kelele. Aliitoa penseli sikioni, akaiweka mfukoni kama mtu aliyemaliza kazi za siku, akaketi juu ya ubao. Hilo lilimuuma Mteremko kuliko matusi yote aliyowahi kutukanwa na wateja, na alikuwa ametukanwa na watu wenye kipaji.

Ndipo Malkia akatokea kwenye kona, akitambaa, amejifunika mvuke. Mgeni aliteremka shati limemganda mwilini. Alikuwa ameulizia mtaa mzima, mpaka akaelekezwa hapo.

"Umenipa birika," akasema.

"Na wewe umenipa jiwe."

Walitazamana. Hasira ilikuwapo, ila na kitu kingine kilianza kujipenyeza, heshima ya fundi anayeona kazi ya fundi.

"Hii imesharudishwa mara ngapi?" mgeni akauliza.

"Tatu. Yako?"

"Nne. Lakini ile hadithi ya vivuli, nakuvulia kofia."

"Turbo ipumue," Mteremko akasema akitikisa kichwa. "Mimi nusura nilie."

"Mkimaliza kupongezana," dada akasema kutoka kwenye ubao wake, "kuna watoto wamekaa sakafuni."

Palikuwa na gari moja tu karibu lenye nguvu ya kuvuta pikapu iliyosheheni madawati, nalo lilikuwa Malkia, likishapoa. Mgeni alifikiri. Alisema anajua kitakachotokea: Malkia akivuta mzigo ule hatafika mbali, atakufa barabarani, na yeye atabaki naye peke yake. Atavuta kwa sharti moja. Jiwe likishawaka na madawati yakishafika, Mteremko arudi amvute hadi mjini.

"Nakuahidi," Mteremko akasema. Ilimtoka kirahisi. Ahadi alizowahi kutoa zingejaza ile yadi na kubaki nyingine nje ya geti.

Walimfunika Malkia magunia yaliyolowa, wakamwongeza maji, wakamngoja kama mgonjwa. Saa nane kasoro wakafunga kamba, mgeni akashika usukani wa Malkia, Mteremko na dada wakapanda ile ya samli. Malkia alivuta. Alivuta kwa ukaidi wa mwisho, moshi mweupe ukapanda juu ya mabanda, na kilometa moja mbele, kwenye njia panda ya machimbo ya kokoto, ile ya samli ilishtuka, ikapiga chafya, ikanguruma. Hapohapo Malkia akatoa mlio wa sahani kuvunjika, akasimama. Dada aliruka chini, akafungua kamba, akarudi kitini, na wakaupanda mlima bila kugeuza shingo.

Walifika saa tisa kasoro dakika kumi. Injini haikuzimwa. Watoto walishusha madawati wawiliwawili, wengine wakiyakalia njiani. Mwalimu mkuu alipitisha kiganja juu ya ubao, akatafuta mahali pa kulalamikia, akapakosa, akasema mwakani kazi yote ni ya karakana hii. Dada aligeukia ukuta kidogo, akafuta uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

Mkandarasi aliyekuwa akijenga darasa jipya alikuwa ameiacha kazi yake kitambo. Alikuwa ameegemea pikapu, amefumba macho akiisikiliza injini inayonguruma.

Hakutaka kufungua boneti. Hakutaka kujaribu. Aliitaka sasa hivi, fedha zilikuwa kwenye mkoba, na alikuwa anaondokea upande wa pili wa kilima. Mteremko aliutazama ule mkoba. Mteja wa namna hii huja mara moja, kama mvua ya mawe. Alifungua mdomo, maneno matamu yakajipanga yenyewe.

Kisha akamkumbuka yule tapeli kwenye njia panda. Alikuwa amesema atavuta, na alivuta. Mteremko hakukumbuka lini mtu wa kazi yao aliwahi kufanya alichosema.

"Mzee," akasema, "injini hii imelika. Ukiizima, hutaiwasha tena."

Mkandarasi alicheka, akamwambia wenye gari zuri wote husema hivyo wakitaka kuongezewa, akaongeza. Mteremko akamweleza habari za ringi. Mkandarasi akaongeza tena. Kwa mara ya kwanza maishani Mteremko alikuwa anasema ukweli kuhusu gari, na bei ilikuwa inapanda kila sentensi. Dada alisimama kando akimtazama, hakusaidia hata kwa kukohoa.

Mteremko aliingia garini, akafunga kioo ili asisikie tarakimu, akamfungulia dada mlango, akaondoka.

Njia panda ya machimbo, mgeni alikuwa amekaa juu ya jiwe, viatu kavua, akijipepea kwa kadi ya gari. Alipoiona ile ya samli ikirudi nyuma kuelekea Malkia, alisimama polepole.

"Mimi nilikuwa nimeshakufuta," akasema.

Dada alikuwa tayari chini, akifunga kamba. Huko juu mlimani lilionekana gari dogo jeupe likishuka kwa kasi, mkono wenye mkoba umetoka dirishani, honi haikomi.

"Anapiga kelele za nini yule?" mgeni akauliza.

"Ingia ushike usukani," Mteremko akasema, macho yake mbele. "Twende kabla sijageuka nyuma."