Mke Wangu Hatazami Mpira

Jumamosi, 7 Juni

Mwezi wa kwanza wa ndoa haujaisha. Nina furaha hadi najiogopa! Leo mchana wote nimeketi bega kwa bega na mke wangu, tukitazama raga. Mataifa mawili, matope, wanaume wakubwa wakikumbatiana kwa hasira. Yeye hatazami mpira. Anamtazama mwamuzi tu. Ndiyo kazi yake: kutathmini waamuzi wa mechi za kimataifa. Kila filimbi anaipima. Alistahili kupuliza? Alisimama wapi? Aliona au alibahatisha? Mwishoni anampa alama, na alama hizo ndizo zinazoamua kama mtu atachezesha tena.

Sauti ya televisheni huizima, kelele za mashabiki zisije zikamvuta. Kimya kitupu. Nasikia anavyopumua! Aliniuliza nimemwonaje mwamuzi. Nikasema anakimbia vizuri na kaptula imemkaa. Alicheka akashika mbavu. Kicheko gani kile! Ningeweza kuoa tena. Yeye yuleyule.

Habari kubwa: kamati inatafuta mtathmini mmoja wa kwenda ng'ambo kwenye mashindano mwezi ujao. Mwenzi wake analipiwa kila kitu, hawaulizi hata cheti cha ndoa. Sisi hatukupata fungate, harusi iliangukia msimu wa mechi. Mke wangu anaitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Ameisubiri tangu jeraha la goti lilipomtoa uwanjani. Mimi naitaka hoteli.

Jumapili, 8 Juni

Mshindani wake amekuja. Watathmini wenzake wanamwita Marudio, kwa sababu hawezi kutazama kitu mara moja akaridhika. Hata chai anaonja, anasita, anaonja tena. Kapera. Alikaa kwenye kiti changu. Kiti changu! Akaniita shemeji, akaninyooshea kikombe nimwongezee, kisha wakabishana na mke wangu kuhusu nusu hatua ya mwamuzi kwenye skramu, pale kundi linaposukumana na kundi. Nusu hatua! Nikauliza kama nusu hatua ni nyingi. Marudio akasema, shemeji, wewe si fani yako rangi? Kweli, nauza rangi za nyumba. Sikuona kichekesho. Mke wangu alitabasamu kidogo. Tabasamu hilo nimemwandikia deni Marudio.

Akiondoka alininong'oneza mlangoni. Eti ananipenda ndiyo maana ananiambia: kamati inamwona mke wangu mkali mno. Waamuzi wanamwita Wembe. Mmoja alisoma tathmini yake ikabidi aletewe kiti.

Nimekaa jikoni nikawaza. Mkali! Mtu mwenye viganja vile? Tatizo ni kwamba anatoa alama akiwa hajabembelezwa. Mtu aliyebembelezwa sasa hivi hawezi kumnyima mwenzake alama. Mpango nimeupata.

Jumanne, 10 Juni

Kamati imeleta mtihani. Mechi moja ya zamani kwenye diski, wote wawili waitathmini, kila mtu kwake, Alhamisi jioni. Itazamwe kama uwanjani: hakuna kusimamisha, hakuna kurudisha nyuma. Marudio atajuta kuzaliwa! Mke wangu ameitia kabatini. Hataki kuiona kabla, anasema huo ni wizi. Msimamo ulioje!

Mimi hakuna aliyenikataza. Niliomba ruhusa kazini kwa sababu ya jino, nikaitazama yote, sauti juu. Mwamuzi kijana, na kidoleni amezungushia plasta. Pete! Ya ndoa! Hataki kuivua hata kwenye matope. Nilitokwa na machozi. Huyu ni ndugu yangu. Bahati mbaya anavurunda. Mara tatu watangazaji walishika vichwa. Kwanza mchezaji alirusha pasi ya kwenda mbele, jambo lisiloruhusiwa kabisa, yeye akaiacha, wakafunga. Kisha mtu akakabwa shingoni, yeye kageukia kwingine. Mwishoni akampa kadi ya njano mtu aliyekuwa anafunga kamba ya kiatu.

Wembe akiyaona hayo, kijana wa watu amekwisha, na kamati itasema si tulijua, mkali. Basi asiyaone. Makosa matatu, mahaba matatu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimetekeleza!

La kwanza: niliingia na maua, nikapiga goti mbele ya televisheni, nikasoma shairi nililotunga juu ya kope zake. Alijaribu kuchungulia kulia, nikahamia kulia. Alijaribu kushoto, nikamfuata kwa magoti. Aliponisukuma pembeni, wafungaji walishaanza kupongezana.

La pili: nilipaliwa na maji. Alinipiga mgongoni kwa mkono mmoja, macho kwenye kioo. Nikaona haitoshi, nikaanguka chini. Akaniambia nilale hapohapo, atanishughulikia wakati wa mapumziko.

La tatu: nilipatana na mama mkwe apige simu nikimtumia ishara. Nilimwambia ni jambo la kumfurahisha bintiye. Alipiga barabara kabisa, akamuuliza kama tumegombana, maana mkwe wake ananong'ona kwenye simu kama mwizi wa kuku. Mke wangu akasema, mama, niko kazini. Lakini alitazama simu! Nilimwona!

Baadaye akasema ajabu, labda kweli huwa anawakazia watu bure. Amempa mwamuzi alama nzuri. Nilicheza dansi bafuni, maji yakiwa wazi asinisikie.

Jumamosi, 14 Juni

Matokeo. Mwenyekiti wa kamati aliichagua mechi ile makusudi, kwa ajili ya makosa yaleyale matatu. Ndiyo mtihani wenyewe! Marudio ameyaona yote. Mke wangu ameona moja, lile la kupaliwa. Mwenyekiti amemwambia walikuwa wamemtaka yeye, Wembe wao, na hawaelewi makali yamekwenda wapi. Anakwenda Marudio.

Alirudi, akavua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda akilishika lile goti. Hakulia. Heri angelia, ningejua la kufanya. Kisha akaanza kunitazama. Si kama mume. Kama mwamuzi.

Akasema mwamuzi mzuri hujulikana kwa jambo moja, hufika mahali kabla ya tukio. Na mimi nilifika na maua kabla ya pasi. Nilianza kupaliwa shingo ya mtu ikiwa bado nzima. Simu ililia kadi ikiwa mfukoni. Akaniuliza niliitazama lini.

Nikasema, jino.

Akanipa tathmini yangu palepale, kwa sauti ya kazini. Kujipanga: bora kabisa, hajawahi kuona. Mawasiliano: mazuri, hata mama yake ameshirikishwa. Uamuzi: sifuri. Kisha akachukua mto akahamia sebuleni. Anavyoondoka! Hata mgongo wake unapendeza.

Jumatano, 18 Juni

Amerudi chumbani tangu juzi! Amesema kinyongo hana, ila mechi ikianza niwe nje ya nyumba, na nisitie tena mkono kwenye mambo ya kamati. Nimeapa. Akanigusa shavu. Dunia nzima ikanyamaza!

Huku akikunja nguo alisema, bila tumaini lolote, kwamba yeye ndiye wa akiba. Marudio akishindwa kusafiri, anakwenda yeye.

Sitaigusa kamati. Nimeapa. Lakini Marudio si kamati, ni mtu, na mtu ana moyo. Kwa nini anahangaikia ng'ambo? Upweke! Mwanamume aliyependwa nyumbani hawezi kupanda ndege. Kwa hiyo jana nilimwita dukani aje achague rangi ya dari, nikamwachia keshia wetu amhudumie, dada mcheshi mwenye vishimo mashavuni. Marudio alimtazama. Akatazama tena. Akatazama tena. Tulifunga duka bado yuko kaunta, na rangi hajachagua.

Leo keshia ameingia akiimba. Amemwomba bosi likizo ya mwezi ujao mzima, na mchana alitoka kwenda kupiga picha za pasipoti. Sijui za nini. Nadhani anataka kumpa Marudio moja aiweke mezani. Mwanamke akipenda!

Nimewahi kurudi nyumbani na kuanza kupanga nguo za mke wangu kwenye sanduku, zile nyepesi juu. Bado sijamwambia. Nataka afurahi kwa ghafla.