Sukari ya Maranda na Vikombe Tisa

Tumbo langu limeniuza leo. Mchana kweupe, mbele ya patroni, bosi wangu, na akina mama tisa, katikati ya sala. Nawaandikia nikiwa nimejifungia stoo, kwa sababu huko nje bado wanacheka.

Acheni niwaeleze mwenyewe, maana najua kesho Kamembe nzima itakuwa na habari hii, tena imetiwa chumvi.

Kazi yangu mnaijua. (Nyie mnaoniita "mla mbao", leo mtafurahi.) Tuna kiwanda kidogo nyuma ya karakana ya useremala ya Papa, baba yangu. Tunachukua maranda yake ya mikaratusi, tunayachemsha mpaka yanakuwa rojo, halafu tunatia vimeng'enya. Vinalikatakata lile rojo polepole, na kinachotoka ni sukari. Lakini siyo sukari ya kunenepesha! Hii, tumbo lako haliwezi kuisaga. Inateremka nzima nzima mpaka kwenye utumbo, na huko kuna wadudu wadogo wazuri wanaisubiri. Wakila wao, wewe unapata choo kizuri. Na hakuna mti unaokatwa kwa ajili yetu. Zamani Papa alikuwa anayachoma tu hayo maranda, moshi wote unaingia kwa jirani.

Shida ni moja. Kipimo ni kijiko kimoja cha chai kwa siku. Ukizidisha, wale wadudu wanafanya sherehe, na sherehe yao ina hewa nyingi. Nililiandika hilo mimi mwenyewe kwenye karatasi, nikaibandika ukutani.

Basi leo saa tatu asubuhi wakaja akina mama wa ushirika wa yogati, wale wanaovuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza kwenda kuuza Bukavu, upande wa Kongo. Patroni wetu, Faustini, alikuwa ameshaniambia jana: "Zaituni, hawa wakikubali kutia sukari yetu kwa yogati, tunabaki hapa. Wakikataa, napakia mapipa, naenda Kigali."

Mimi Kigali siendi. Macho ya Papa yamepungua, hawezi tena kupima ubao bila mimi kumshikia futi. Kiwanda kikiondoka, kazi yangu imekwenda. Kwa hiyo nilivaa kitenge kipya na kuomba dua tangu alfajiri.

Nikaanza kuwaeleza. Ningesema "vimeng'enya" yangeisha. Lakini mimi na Kifaransa changu cha shule, nikajidai!

"Bamaman, siri yote iko kwa anzimu. Tunatia anzimu, inakula rojo ya mbao, asubuhi tunakuta sukari."

Mwenyekiti wao, Maman Furaha, akavua miwani.

"Munatia nini?"

"Anzimu, Maman."

"Mizimu?"

"Hapana! A-nzi-mu!"

"Njo vile nilisikia. Mizimu inakula mbao usiku, asubuhi inaacha sukari. Na weye unataka tuuzishe ile ku Bukavu?"

Mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mwingine akavuta mkoba wake karibu. Nikajitetea kwamba haionekani kwa macho, imo tu mle ndani, inafanya kazi yake kimya kimya. (Wallahi nilikuwa najichimbia kaburi.)

Patroni akaona mambo yanaharibika, akaagiza maziwa ya moto. Vikombe tisa. Kila kimoja akatia vijiko viwili vya sukari yetu, wausikie utamu vizuri. Karatasi yangu ya ukutani hata hakuiangalia.

Hakuna aliyegusa.

Mnajua desturi yetu. Anayekaribisha anaonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Unaonja mara moja, basi. Nikachukua kikombe cha Maman Furaha, nikapiga funda moja, nikatabasamu.

"Aksanti," akasema. "Sasa onja na cha Maman Byamungu."

"Lakini maziwa ni ya sufuria moja, Maman!"

"Sufuria ni moja, vikombe ni tisa. Mizimu inajuaka kuchagua kikombe."

Maman Byamungu ndiye mkubwa wao kwa umri, na ndiye wanayemwogopa. Nikaonja cha kwake. Akachungulia ndani.

"Umelamba tu. Kunywa, miye nione koo inatembea."

Nikanywa. Nusu kikombe! Wa tatu naye akataka koo itembee. Wa nne pia. Kila nikimtazama patroni, ananikazia macho ya "kunywa, dada, kunywa". Nilipomaliza wa tisa, nikapiga hesabu kichwani, nikahisi jasho. Karibu vijiko tisa. Kipimo cha siku tisa ndani ya robo saa.

Wakaonja na wao. Wakapenda! Wangeondoka hapo hapo, sasa hivi ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini wakataka kuona mapipa. Wakataka kuona mashine ya kukoroga. Wakataka kunusa maranda. Saa tano umeme ukakatika, wakaendelea kuuliza maswali kwenye giza la mle ndani.

Saa sita wadudu wakaamka.

Kwanza sauti tu, kama paka aliyefungiwa kabatini. Nikakohoa. Nikaburuta kiti. Nikasema naomba kutoka kidogo, Maman Furaha akanishika mkono.

"Bakia, mwanangu. Tunaamua sasa."

Wakanyoosha mikono. Wanne wanakubali. Wanne wanakataa. Amebaki Maman Byamungu peke yake.

"Miye naomba kwanza," akasema. "Mungu njo atanionyesha."

Tukasimama wote. Wao wakafumba macho, mimi nikafungua viganja. Dua yangu ilikuwa fupi: ya Rabbi, dakika mbili tu.

"Baba," Maman Byamungu akaomba, "kama hii kintu ni ya kweli, tupatie alama..."

Nikaitoa mimi.

Ndefu, jamani! Ilianza chini, ikapanda, ikakaa kule juu, ikateremka taratibu. Upande wa pili wa ukuta Papa akasimamisha randa.

"Zaituni! Ubao gani umepasuka?"

Patroni akaruka: "Ni mashine, bamaman. Inapumua."

"Mashine gani?" Maman Byamungu akauliza, macho bado ameyafumba. "Umeme si ulienda saa tano?"

Na hapo ikatoka ya pili. Fupi, ya kumuunga mkono.

Maman Furaha akakaa chini sakafuni. Wengine wakashikana mabega, wanalia kwa kicheko. "Mizimu imetoka! Mizimu imetoka!" Mimi nimejifunika uso kwa kitenge, nawaza tu mapipa yanavyopakiwa kwenye lori. Aibu niliyoisikia, sina hata jina lake.

Maman Byamungu ndiye peke yake hakucheka. Akanisogelea, akanifunua uso.

"Binti. Hii sukari njo imefanya vile?"

"Ndiyo, Maman. Nimezidisha kipimo. Pardon, Maman."

"Usiombe pardon. Mzee wangu ana siku ine hajaenda choo. Anakaa tu kwa kiti kama gunia ya simenti. Inafanyaka kazi!" Akageukia wenzake, akanyoosha mkono juu. "Miye nakubali. Na isiishie kwa yogati. Tuiuzishe na kwa chupa, peke yake."

Watano kwa wanne. Kiwanda kinabaki Kamembe! Patroni alitaka kunikumbatia, akafikiria kidogo, akanipa mkono kwa mbali.

Nikadhani yameisha. Kumbe Maman Furaha ana sharti.

"Batu ya Bukavu bataulizaka: nani alionja hii kintu kwanza? Tunataka sura yake kwa chupa."

"Hakuna shida!" Patroni akajibu kabla sijafungua mdomo. Wakanipiga picha pale pale, machozi bado hayajakauka.

Kwa hiyo ukipita sokoni Bukavu ukaniona nakutabasamia kutoka kwenye chupa ya dawa ya kupata choo, nunua, weka mfukoni, na usithubutu kumwambia muuzaji kwamba unanijua.