Mlangilangi wa Muhsina

Jumamosi, 6 Machi 2004

Jana ziara ya bustani ilikuwa kwa mwanyumba wangu Suud, aliyemwoa Mahfoudha, dada wa mke wangu. Nyanya zake zimezaa. Kazihesabu mbele ya watu: kumi na moja. Mtu mzima, kastaafu wizarani kwa heshima, anahesabu nyanya! Nimekula vitumbua vyake vinne.

Sisi watu wa bustani tuna desturi yetu. Kila Ijumaa asubuhi, tangu baridi iishe mpaka joto lije kutufungia ndani, tunakwenda nyumba ya mmoja wetu kuona kilichoota. Katikati ya wiki tunapashana habari kwa simu. Mkubwa wetu ni Bi Kheiria, shangazi wa mke wangu Muhsina. Jana katangaza jambo. Anao mche mmoja wa mlangilangi, ule mti wa maua ya kunukia, kauotesha kwa mbegu za kutoka Unguja. Mbegu zilikuwa thalathini, umepona huo tu. Sasa magoti yake hayamruhusu kuinama. Atampa mwenye mkono wa kuotesha, na ataamua kwenye ziara ya mwisho. Ziara ya mwisho ni tarehe kumi na tisa. Nyumbani kwangu!

Nikamtazama Muhsina. Kikombe chake kilisita kabla ya kufika mdomoni. Nyumba aliyozaliwa Unguja ilikuwa na mlangilangi chini ya dirisha. Tulipooana, mwaka 1978, nilimwahidi kwamba nitampandia wake. Tumehama nyumba tatu tangu hapo, na hii ya mtaa wa Mabela, huku ng'ambo jangwani, ndiyo ya mwisho. Mlangilangi hakuna. Hajanikumbusha hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Basi safari hii naupata. Kwa sasa bustani yangu ni changarawe, miche tisa ya bilingani na friji mbovu. Lakini siku kumi na tatu zinatosha. Mimi nimesimamia idara ya watu arobaini.

Jumapili, 7 Machi

Nimeamka na fikra. Maji ya kisima chetu yana chumvi, ndiyo maana bilingani zimenuna. Maji ya kiyoyozi hayana chumvi hata chembe. Na sisi tunavyo viyoyozi saba! Nimeunga mipira kwenye mabomba yote saba nikaishusha bustanini. Tatizo dogo: ni Machi, hewa ni nzuri, hakuna aliyewasha. Nimeviwasha vyote mpaka mwisho.

Muhsina kaniuliza kwa upole kama naumwa.

Jumanne, 9 Machi

Maji yaliyopatikana siku mbili: ndoo moja na nusu. Nyumba imekuwa barafu. Binti yetu Reem anasomea mtihani ndani ya blanketi. Mafuta ya nazi yameganda kwenye chupa, Muhsina kayachokoa kwa uma apake nywele. Baada ya Isha kapita chumba kwa chumba akavizima vyote bila kuniangalia. Wavumbuzi tuna upweke wetu.

Suud katuma ujumbe. Nyanya ya kumi na mbili.

Kilichonikera zaidi kiko nyuma ya ukuta. Hapo anakaa Nicholas, Mkenya, fundi wa gereji mtaa wa Ghala, kapanga chumba cha uani kwa jirani. Anapanda mboga kwenye ndoo za oili. Elimu ya bustani hana. Anatia maji asubuhi, anatia maji jioni, basi. Majani mapana kama sinia! Nimemwonya kwamba mmea ukizoeshwa maji kila siku hufanya uvivu. Kasema sawa, Mzee, kaendelea kumwagia.

Jumatano, 10 Machi

Nimegundua kosa. Si maji, ni mbolea. Mzee mmoja soko la Seeb kaniambia kwao shamba hustawi kwa dagaa wakavu, wale wanaolishwa ng'ombe. Nimenunua magunia mawili. Kaniambia konzi moja kila mche. Nina miche tisa na magunia mawili, hesabu iko wazi. Nimefukia yote.

Muhsina kafunga madirisha ya upande ule. Kasema harufu. Mimi nasikia harufu ya ushindi.

Jumamosi, 13 Machi

Jana ziara ilikuwa kwa Bi Kheiria mwenyewe. Nimeuona mche. Urefu wa mkono, majani yanang'aa, umenyooka. Muhsina kainama akaugusa jani kwa kidole kimoja, akakirudisha haraka, kama mtoto aliyeambiwa asiguse. Nikaapa moyoni.

Tukarudi nyumbani tukakuta paka. Si mmoja. Nimehesabu ishirini na sita, halafu wakaanza kupigana nikapoteza hesabu. Paka wa Mabela nzima wamekuja kufukua dagaa. Bilingani tisa zote ziko juu, mizizi hewani. Nilipowafukuza kwa ufagio walinitazama tu, mmoja kakaa juu ya friji analamba mkono.

Suud sijui kapata wapi habari. Katuma ujumbe wa kunipa pole. Hasidi hana sababu.

Jumatatu, 15 Machi

Zimebaki siku nne. Paka wangali wanakuja, kwa zamu. Muhsina kaniambia tuwaeleze watu ukweli, kwamba mwaka huu hatukujaaliwa, tuwape chai na mkate wa mofa, wataridhika. Kasema na mlangilangi si lazima. Kasema hivyo akitazama upande mwingine.

Si lazima! Nimekwenda kukaa ndani ya gari nifikiri.

Alhamisi, 18 Machi

Mpango mkubwa kuliko yote. Kila Ijumaa saa moja u nusu asubuhi namsikia Nicholas akitoka. Huku kwetu Wakristo husali Ijumaa, siku ya mapumziko. Hurudi alasiri. Wageni wangu wanakuja saa mbili na wanaondoka kabla ya sala ya Ijumaa. Unaona?

Jioni nimemwita ukutani. Nimemwambia kesho inakuja dhoruba ya mchanga, nimeisikia kwa mtu anayejua, na uani kwake ni wazi mno. Ndoo zake alete kwangu kwenye ukuta mrefu, mpaka jioni. Kashukuru sana! Kazibeba mwenyewe, zote ishirini na mbili, huku akinisihi nisibebe mimi, nitaumia mgongo. Kijana mwema. Nimezipanga kwa mistari, nikazizungushia changarawe zisionekane ndoo. Kwa magazeti ya zamani nimefunika friji.

Muhsina kasimama mlangoni. Kaniuliza kama Nicholas anajua. Nimemjibu kwamba Nicholas kafurahi, na huo si uongo.

Ijumaa, 19 Machi

Naandika baada ya Maghrib.

Saa mbili walikuja wote. Suud na Mahfoudha mbele, Bi Kheiria na bakora yake, mche umebebwa ndani ya kikapu. Walipoingia uani walisimama. Suud kafungua mdomo, kaufunga. Nimeishi miaka hamsini na minane sijapata kuona kitu kizuri kama mdomo ule.

Nikawatembeza. Nimewaeleza kwamba nimeotesha kila kitu kwa mbegu. Kwamba alfajiri huisomea mimea dua. Bi Kheiria kauliza yale majani mapana ni nini. Sikulijua jina. Nikasema ni mchicha wa kizungu. Kauliza tunaupikaje. Nikasema kwa nazi. Suud kauliza mbona umeota ndani ya ndoo. Nikamwambia ni elimu mpya, inazuia paka. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Bi Kheiria kautoa mche kwenye kikapu akauweka juu ya meza. Muhsina alikuwa akimimina chai, na chai ikafurika kikombeni.

Hapo geti likagongwa.

Nicholas! Na wanawake wawili wa kanisani kwao, Wambui na Joy, wamebeba mabeseni. Kumbe wakimaliza sala hula pamoja, na leo ilikuwa zamu ya Nicholas kuleta mboga. Saa moja u nusu hakwenda kusali, alikwenda kuwachukua hao. Wakasalimu kila mtu kwa adabu, wakachuchumaa, wakaanza kuchuma. Wambui kasema sukuma yao imenawiri, Mungu ni mwema. Joy kamwomba Muhsina kisu.

Bado ningeweza kuokoka. Nilikuwa tayari nimefungua kinywa kusema nimewaruhusu majirani wachume. Lakini Nicholas, kwa wema wake, kasimama katikati ya wageni akaomba kunishukuru. Kasema ni wachache wenye moyo kama wa Mzee Sleyum, aliyemwekea ndoo zake zote ishirini na mbili hapa kwa ajili ya dhoruba.

Bi Kheiria katazama mbingu. Samawati tupu. Katazama kamba ya nguo.

"Dhoruba gani, Sleyum? Mie nna miaka thamanini, sijaona dhoruba isotikisa hata kanga kambani."

Kisha kacheka. Kacheka mpaka kaletewa maji. Suud kacheka mpaka kashika ukuta, na ukuta wenyewe ni wangu. Gazeti moja likapeperuka, friji ikaonekana.

Bi Kheiria alipopata pumzi kamuuliza Nicholas hutia nini mimea yake. Nicholas kasema maji. Na nini tena? Kafikiri sana, kasema maji tu, Mama, asubuhi na jioni. Bi Kheiria kainua mche kwa mikono miwili akampa yeye. Pale pale! Mtu hana hata uanachama! Nicholas kaupokea kwa heshima, kauliza unachemshwa au unakaangwa.

Wageni walipoondoka Muhsina kaosha vikombe vyote, ingawa Reem alitaka kumsaidia. Kisha kaniambia kichwa kinamuuma kidogo, anakwenda kujinyoosha. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nimekaa uani peke yangu na roho imeniuma kweli kweli. Miaka ishirini na sita, na leo mlangilangi ulikuwa juu ya meza yangu mwenyewe.

Jumamosi, 20 Machi

Maajabu! Asubuhi Nicholas alikuja kuchukua ndoo zake, kamuuliza Muhsina ule mti hasa ni wa kazi gani. Muhsina kamweleza. Maua yake huwekwa kwenye nywele, kwenye nguo, juu ya mito. Mama yake alikuwa akiyaokota alfajiri. Sijui kamweleza nini zaidi, nilikuwa nasikiliza nyuma ya pazia na wao walishusha sauti.

Alasiri Nicholas karudi na mche. Kasema kitu kisichoingia sufuriani yeye hana pa kukiweka, na kwao hakuna anayemnyima mama kitu chake. Muhsina kalia. Mke wangu halii ovyo. Nami jicho liliingiwa na mchanga, labda ile dhoruba.

Muhsina kaupanda mwenyewe chini ya dirisha letu. Kauzungushia mawe. Halafu, mbele ya Reem na Nicholas kama mashahidi, kasema mimi naruhusiwa kuutazama. Kuutazama tu. Kuugusa hapana.

Nimempigia simu Suud kumjulisha kwamba mlangilangi uko kwangu. Nimemweleza kwa kirefu jinsi nilivyoupanga mpango huu tangu mwanzo.

Jumatatu, 22 Machi

Mahfoudha kashikwa na homa, Muhsina kaenda kumuuguza, atalala huko siku tatu. Kutia maji kamwachia Nicholas. Nicholas! Mimi mwenye nyumba niko hapa hapa, nimekaa.

Nimeupima mche kwa rula. Haujaongezeka hata nukta tangu Jumamosi. Kwa mwendo huu Muhsina atapata ua la kwanza akiwa na umri wa Bi Kheiria. Siwezi kuvumilia. Nimekwenda kwa muuza miche, kanipa kopo la mbolea ya unga. Kasema kijiko kimoja cha chai kwenye ndoo ya maji, mara moja kwa mwezi, na mche ukiwa mchanga bora usubiri kwanza.

Wauzaji ni watu waoga. Miaka ishirini na sita ya kuchelewa huwezi kuifidia kwa kijiko kimoja. Nimetia nusu kopo. Sikuugusa, nimenyunyiza kwa mbali, neno la Muhsina limeheshimiwa.

Jumatano, 24 Machi

Asubuhi nimekwenda kuutazama. Majani mawili ya chini yamegeuka manjano! Mpaka adhuhuri, matano. Maua ya mlangilangi, kama anavyojua kila mtu, ni manjano. Kumbe rangi huanzia kwenye majani! Hili halimo katika kitabu chochote.

Nicholas kaja jioni na ndoo yake. Kauinamia mche muda mrefu, kisha kaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, nimetia nini. Nimemjibu kwamba ni siri ya familia. Kijana ana wivu, sikumtegemea.

Suud nimeshampigia. Kaniuliza mara mbili kama nimesema manjano.

Muhsina anarudi kesho. Nimemwekea kiti chini ya dirisha, aone kwa macho yake kwamba mumewe katimiza ahadi. Nusu kopo iliyobaki naitia alfajiri, kabla hajafika.