Koti Lililosimamia Msumeno

Jumatatu, 4 Juni 1956
Nimepanda cheo! Bwana Umakant, mwenye karakana tunamofanya kazi mafundi sita hapa Mbeya, ameleta msumeno wa umeme unaojivutia mbao wenyewe. Amesema lazima mtu asimame kando yake muda wote, mkono karibu na swichi. Mtu huyo ni mimi, Anania! Kalinga, seremala aliyetoka Iringa, alikuwa anaitaka kazi hiyo. Kanuna mpaka jioni. Raha tupu.

Jumanne, 5 Juni
Kumbe kusimama nako ni kazi! Msumeno unakula mbao, mimi naganda kwa baridi. Nje Atuganile anakaanga maandazi, na Kalinga ndiye anayekunywa chai kwake. Leo kamchekesha mara tatu. Mwanamke ninayetaka kumposa mimi! Lazima nitumie akili.

Jumatano, 6 Juni
Nimepata! Nimeuvika mti koti langu, kofia juu, nikausimamisha kando ya msumeno. Kutoka dirisha la ofisini, Bwana Umakant ataona mgongo wangu. Nimekunywa vikombe viwili. Atuganile akauliza mashine inaangaliwa na nani. Nikamjibu, na mtu ninayemwamini.

Alhamisi, 7 Juni
Balaa. Andazi mdomoni, nikasikia Kalinga akipiga kelele ndani: "Anania! Mungu wangu, Anania!" Nikakimbia. Msumeno ulikuwa umenasa mkono wa koti na kulivuta lote. Kalinga alidhani ni mimi. Alikuwa ameruka juu ya mbao kuzima swichi, kiganja kimechanika. Aliponiona mlangoni, mzima, alikaa chini kwenye vumbi la mbao akalia. Kisha akainuka akanizaba kofi. Nilistahili. Atuganile kamfunga jeraha, taratibu mno kwa maoni yangu.

Ijumaa, 8 Juni
Bwana Umakant hakufoka. Afadhali angefoka. Aliniuliza kwa upole, angekwenda kumwambia nini mama yangu kule Tukuyu? Msumeno kapewa Kalinga, bandeji na yote. Nimemwomba radhi. Kasema koti lilikuwa msimamizi bora kuliko mimi, lenyewe halikutoka mahali pake.

Jumamosi, 9 Juni
Nimepewa sufuria ya gundi kwenye jiko la mkaa. Nimeapa sitaiacha hata hatua moja. Nimeitazama saa nzima. Jamani, gundi inachemka yenyewe! Haihitaji mtu! Nimebana kifuniko kwa jiwe zito, isimwagike, na sasa naandika haya kwenye benchi la Atuganile. Mlangoni mwa karakana naona moshi. Kalinga anavuta sigara kazini. Jumatatu nitamshtaki.