Mechi Iliyochezwa Majini

Habari ililetwa na Radio, na kama kawaida yake aliileta wakati mtu ana kahawa mdomoni. Kwao anaitwa Désiré, lakini tangu siku alipotangaza kifo cha jirani huku jirani mwenyewe akiwa bado anakohoa, hapa kijiweni kwa Mama Sikujua hakuna anayelikumbuka jina hilo.

"Mwisikie!" akasema kabla hajakaa. "Mechi ya Mamba wameisogeza. Haina tena leo. Mvua imejaza uwanja. Iko kesho, dimanche, saa kumi."

Amiral akapaliwa. Kahawa ya tangawizi ikamtoka puani, macho yakamjaa machozi, na Mama Sikujua akampiga mgongoni kwa kiganja kipana mpaka akapata pumzi.

Huyu Amiral ndiye Mahmoudi, mwenye baleinière moja, mashua ndefu ya mbao ya kubebea abiria, injini moja, na cheo alichojipandisha mwenyewe. Alipanga kuondoka Kisangani Jumapili asubuhi, na alipanga kwa akili: watu waitazame mechi yao Jumamosi, walale, kisha wapande bila kinyongo. Mamba ni timu ya mto mzima, na siku inapocheza hata wagonjwa huomba ruhusa. Sasa mechi imeangukia siku ya safari. Na Alhamisi, huko Bumba, binti yake Nasra anaolewa. Hakuna kusubiri wiki nyingine, na bila abiria hakuna hata lita moja ya mazutu ya injini.

"Passagers yangu watashuka," akasema kwa sauti ndogo.

"Wameisha kushuka," Radio akajibu. "Nimepita pale beach, kwa bandari, sasa hivi. Maman moja amebeba godoro kwa kichwa, anarudi kwake Mangobo. Wanasema hapana télé, hapana voyage."

"Tatizo liko wapi?" akauliza Parabole. Jina lake ni Alphonse, na nusu ya masahani ya televisheni yaliyo juu ya mabati ya mji huu ameyafunga yeye. Yale yanayoonyesha picha yamefungwa na wengine, husema wabaya wake. "Miye nitakufungia parabole juu ya toiture, ile paa ya baleinière. Leo leo."

"Parabole yako inaangaliaka wapi?" Hapo aliuliza Papa Sébastien, mwalimu mstaafu. Wanamwita Archives kwa sababu anakumbuka kila mechi, kila dakika, na rangi ya soksi za mwamuzi.

"Inaangalia satellite. Upande moja tu. Ikitikisika kidole moja, image inakufa."

"Na fleuve, huu mto, iko inaenda upande moja?"

Parabole akakuna kidevu. "Amiral, kutoka hapa mpaka Bumba inapinda mara ngapi?"

"Hakuna mutu alishahesabu akamaliza."

"Bon. Donc baleinière isipinde."



"Isipinde namna gani?" Amiral akauliza.

"Unaenda tout droit, moja kwa moja. Mechi iko dakika makumi tisa tu, ndeko."

"Nikienda tout droit dakika makumi tisa nitakuwa ndani ya pori, na nyani juu ya moteur!"

"Mais image itakuwa propre, safi kabisa."

"Ao mutu ashike ile sahani kwa mikono," Radio akaingilia. "Baleinière ikipinda huku, yeye anapinda kule. Nyumbani kwangu bibi yangu, mama ya watoto, njo anafanyaka vile, wakati ya upepo."

"Njo maana bibi yako alirudi kwao Opala," Mama Sikujua akasema bila kugeuka.

Wakacheka wote isipokuwa Radio na Amiral. Amiral alikuwa anamwona Nasra amekaa na hina mikononi, anauliza baba yuko wapi, na wakwe wanatazamana. Ilimuuma hasa, kwa sababu wakwe hao walishasema zamani kwamba watu wa baleinière hutoa ahadi ili kupitisha wakati.

"Antenne ya kawaida?" akajaribu.

"Ukipita île, kisiwa ya pili, unabaki na chenga chenga," Parabole akasema.

"Telefone?"

"Réseau inakufa hata hamujapika chakula ya kwanza."

"Basi miye nipande," Radio akasema, kifua mbele. "Nitaweka poste ya redio kwa sikio, nawatangazia."

"Wewe?" Archives akavua miwani. "Mara ya mwisho ulitutangazia Mamba wanaongoza goli ine. Walikuwa wangali ndani ya otobisi."

Kisha mwalimu akaivaa tena miwani, na waliomzoea wakajua somo linakuja.

"Alors. Tujiulize kwanza: en direct, moja kwa moja, iko nini? Kitu hujajua mwisho wake, kwako iko en direct. Mechi ya dimanche, kama hakuna mutu amekuambia score, lundi, Jumatatu, iko ingali ya moto."

Parabole akaruka. "Ya solo! Dekoda yangu inakamata mechi yote kwa flash! Mutu anapanda moto, pikipiki, na flash mpaka Yangambi, anaingia pirogue, anamupatia Amiral katikati ya fleuve. Télé miye naazimisha, na générateur."

"Na dimanche saa kumi niwaambie nini?"

"Réseau itakuwa imekufa. Sema mvua imerudi, wamesogeza mpaka lundi. Walisogeza mara moja, nani atakatala mara mbili?"

Damu ilianza kumrudia Amiral usoni. Ni hapo Mama Sikujua alipoanza kucheka. Alicheka mpaka birika likatikisika mkononi.

"Wapapa," akasema, "mumesahau pirogue."

Kabla ya kuuza kahawa, Mama Sikujua aliuza samaki wa moshi mbele ya Yangambi miaka kumi na miwili. Kila baleinière inayopita, mitumbwi ya kina mama huitokea, hujifunga ubavuni mwake injini ikiendelea kunguruma, na biashara hufanyika huku watu wanateremka na mto.

"Nilijuaka nani amekufa Bumba mujane wake hajajua. Pirogue ya kwanza tu: 'Samaki! Samaki ya moshi! Mamba wamechapwa! Samaki!' Flash yako inafika, mechi imeisha kuzikwa."

"Wasinunue samaki!" Parabole akasema.

"Siku ine bila samaki? Watakula wewe na parabole yako."

Amiral akavua kofia yake ya kapteni, ile yenye nanga iliyochubuka. Hakuwa na utani tena.

"Mama Siku. Mutoto wangu."

Mama Sikujua akamtazama, akaweka birika chini.

"Dada zangu wangali wanauza pale. Nitawafunga vinywa. Na flash nitaleta miye. Mwanaume akileta, uso wake utasema score yeye hajafika bado. Miye mpira sijui. Uso wangu iko ya kahawa tu."

"Na Archives?" Radio akauliza. "Si yeye naye anapanda? Anaenda kuona wajukuu Bumba."

"Ninaapa," Archives akasema, mkono juu. "Juu ya flash sitasema hata neno."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Amiral akateremka beach, akatafuta chaki, akaandika kwenye ubao wa baleinière: KUKO TÉLÉ NDANI. Yule mama wa godoro akarudi.

Wiki tatu baadaye Amiral alikaa tena kwenye benchi lile lile, amekonda kidogo, amevaa kanzu mpya ya harusini. Nafasi ya Archives ilikuwa tupu.

"Archives iko wapi?" Radio akauliza. "Amekufa?"

"Wewe ngoja kwanza! Kila kitu kwako iko kufa." Amiral akapuliza kahawa. "Lundi asubui Mama Siku anatokea na pirogue. Uso ya kahawa, kweli. Ananiuzia samaki, chini ya samaki flash. Ninaiweka. Watu makumi ine wamekaa juu ya mifuko ya mchele, wengine juu ya toiture, vichwa chini. Image iko na chenga, générateur inakohoa, mais mpira unaonekana. Dakika ya kumi, maman mwenye godoro anasema: 'Lakini huyu namba kumi, si aliacha mpira zamani?'"

"Eh!" Parabole akashtuka.

"Wakamujibu: 'Amerudi! Iko patriote!' Wakamupigia makofi. Njo Archives akasimama."

"Aliapa!" Radio akafoka.

"Aliapa juu ya flash. Alisema kitu ingine. Anasema: 'Mais hii mechi niliisha kuiona.' 'Kaa chini, papa!' Anasema: 'Dakika ya makumi mbili na tatu, korner, namba ine, kichwa, goli.' Wanamuzomea. Dakika ya makumi mbili na tatu..."

"Korner," Parabole akanong'ona.

"Namba ine. Kichwa. Goli! Na hakuna mutu alishangilia. Wote walimugeukia Archives, vinywa wazi. Yeye anakasirika: 'Wapumbavu, hii mechi iko ya zamani!' Wanajibu: 'Amen!'"

Radio akajishika kichwa. Mama Sikujua alikuwa anafuta vikombe ambavyo vilikuwa vimeshafutwa.

"Wakati ya mapumziko kulikuwa foleni. Mutu anauliza juu ya visa. Binti anauliza kama fiancé, muchumba wake, ataleta mbuzi. Archives anawafukuza: 'Miye niko mwalimu tu!' Wanasema unaona unyenyekevu wake. Kisha maman mwenye godoro akamupatia kuku."

"Akakatala?"

"Aliiangalia ile kuku muda mrefu. Iko na mafuta. Akamuambia: 'Mama, naona mambo yako itatengenezeka.'"

Benchi lilikaribia kupinduka kwa kicheko. Amiral akangoja kitulie.

"Mechi inaisha, mbili kwa sifuri. Tunafika Bumba tunaimba, tunapiga masufuria. Beach yote inatuangalia. Bumba iko kilio! 'Munaimba nini? Mamba walichapwa tatu!' 'Tumeona na macho yetu!' 'Mumeona wapi?' 'Kwa télé ya Amiral!' Nikashuka upande ya nyuma."

"Na ndoa?"

Amiral akatua kikombe. Sauti ikabadilika.

"Nilifika. Wakwe walikuwa kwa mulango wanangojea kuona kama nitakuja. Nasra aliponiona alilia, na miye nikalia, mbele ya watu, sikusikia haya. Jeudi, Alhamisi yenyewe, nimekaa mbele ya imamu, nimeshika mukono ya bwana arusi, nasema maneno ya kumutoa mutoto wangu. Nasikia kelele inje. Passagers makumi ine na fimbo. Nikajua leo nitaoza binti na kuzikwa siku moja."

"Mungu wangu," Radio akasema, safari hii bila furaha.

"Mbele yao nani? Archives. Amesimama kwa mulango na kuku ndani ya mukono. Anasema: 'Munamutafuta Amiral juu ya nini? Mechi ya dimanche ilikuwa aller, ya kwanza. Tulipigwa, ni kweli. Ile muliona majini iko retour, ya marudiano! Mulionyeshwa ya mbele, haijachezwa bado!' Kisha maman mwenye godoro akapiga kigelegele. Wakaweka fimbo chini, wakala pilau yangu yote."

"Na yeye iko wapi sasa?"

"Alibakia Bumba. Iko na kanisa. Viti ya plastiki makumi sita, na kuku sijui ngapi."

Parabole hakuwa anacheka tena. Heshima yake ya kazi ilikuwa imeguswa.

"Mais attention. Flash nilimupatia Mama Siku ilikuwa ya muzuri! Mechi ya dimanche, kamili, na scotch nyekundu, utepe ya kubandika, juu yake!"

Wote wakamgeukia Mama Sikujua. Akamaliza kufuta kikombe, akakitazama ndani, akakiweka.

"Nilikaa kwako, Parabole, naangalia ile mechi. Mpira sijui, mais kilio najua. Tatu! Nikawaza watu makumi ine katikati ya maji, na Amiral hana pa kukimbilia, na mutoto anangojea. Samaki ikioza njiani haumupelekei muteja. Unabadilisha. Ndani ya kopo yako ya kutunza flash kulikuwa flash ingine, imeandikwa VICTOIRE, ushindi. Kusoma najua."

Amiral alitaka kukasirika. Alitafuta hasira kifuani mwake na akakuta kiganja cha Nasra kimeshika kanzu yake.

"Aksanti, Mama," akasema tu.

"Na retour?" Radio akakumbuka, macho yakimng'aa. "Iko dimanche hii inakuja! Saa kumi!"

"Najua," Amiral akasema, akajipangusa jasho. "Watu makumi saba wameisha kujiandikisha. Niliwaambia muangalie kwa mji, kuko télé kila kona. Wanakatala. Wanasema Mamba anapigwa kwa inchi kavu, mais ndani ya maji, kwa baleinière yangu, hajapigwa hata mara moja. Na Archives anakuja kutoka Bumba kupanda na kanisa yake yote."

"Na wakipigwa?" Parabole akauliza.

Toleka mmoja, mwendesha baiskeli ya abiria, alipita akipiga kengele, wala hakutazamwa. Macho yote yalikuwa kwa Mama Sikujua, naye akainua birika, akamjazia Parabole kikombe mpaka ukingoni, bure, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Papa Alphonse," akamwita kwa heshima, "ndani ya ile kopo, flash ya victoire ziko ngapi?"

Parabole akahesabu kwa vidole. Akaanza upya. Akainamisha kichwa.

"Ilikuwa ile moja tu."

Amiral akavaa kofia yake, akaacha kahawa ikifuka moshi, akateremka mbio beach kwenda kufuta ubaoni yale maneno: KUKO TÉLÉ NDANI.