Kicheko cha Kuazima

Jumatatu, 3 Machi 1930

Nimefanya ujinga. Kazi yangu hapa studio ni kuchapa miswada ya filamu, si kuitunga. Lakini katika tukio la hotelini nilimwongezea mwigizaji wetu Farnum maneno yangu mwenyewe: "Supu hii ni kama mji wa Milwaukee. Niliiacha nusu." Leo ameyasema mbele ya kamera. Hakuna aliyecheka. Hilo halina maana. Zamani mafundi wakicheka tulijua mzaha umefana. Tangu filamu zipate sauti, anayecheka karibu na maikrofoni anafukuzwa, kwa hiyo wote wanauma leso.

Bwana Haverkamp, mwongozaji, ameuliza nani kaandika upuuzi ule. Nikainama kufunga kamba za viatu, ambazo zilikuwa zimefungwa. Akasema Ijumaa tunaijaribu filamu kwa watazamaji wa mji wa Pomona. Wasipocheka hapo, atamtafuta mwandishi na kumtupa nje.

Jumatano, 5 Machi

Mpango. Nimewaalika Pomona wapangaji wenzangu wote pamoja na mwenye nyumba, Bi Gottschalk. Wakisikia Milwaukee, wacheke. Bi Gottschalk akauliza acheke kiasi gani. Nikasema kama siku ile nilipoanguka ngazini. Akasema ah, kijana, kumbe kazi rahisi.

Jumamosi, 8 Machi

Mafanikio ya kutisha. Jana Pomona Bi Gottschalk alicheka huku akipiga kiti cha mbele kwa mkoba, hadi mwenye kiti akahama. Maneno yaliyofuata hayakusikika kabisa. Bwana Haverkamp akasema mzaha wa namna hiyo lazima upewe nafasi. Kwa furaha nikakiri kuwa ni wangu. Akanipa mkono.

Leo Farnum ameitwa tena, apigwe picha akiitazama supu kimya mpaka watu wamalize kucheka. Ameitazama asubuhi nzima. Haniamkii tena.

Ijumaa, 21 Machi

Jana, onyesho rasmi, Los Angeles. Sikualika mtu. Nilianza kuamini mzaha wangu unachekesha.

Farnum akasema Milwaukee. Kimya. Akaitazama supu. Mtu akakohoa. Farnum akaendelea kuitazama. Bwana Haverkamp akageuka polepole, akanitazama mimi kama Farnum anavyoitazama supu. Nikaanza kufikiria kazi nyingine ninazoweza kufanya. Sikupata hata moja.

Ndipo sauti ikatoka viti vya juu: "Inywe basi, baba, inapoa!"

Bi Gottschalk. Alijikatia tikiti mwenyewe, kwa sababu kule Pomona alikuwa na kazi ya kucheka, hakuiona filamu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na Farnum bado anaitazama supu, kana kwamba analipima shauri lile.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeitwa kwa Bwana Haverkamp. Magazeti yameisifu supu. Akauliza kama yule mama wa juu tulimweka sisi. Nilikusudia kusema kweli. Nikausikia mdomo wangu ukisema naam, bwana, ndio uliokuwa mpango tangu mwanzo.

Akafurahi. Sasa anataka mama kama yule katika kila ukumbi nchini, kuanzia Fresno, Ijumaa. Atakuja mwenyewe kumsikiliza, na mama asiposikika, nisirudi ofisini. Nikasema hakuna shida.

Bi Gottschalk amekataa; treni inamchafua tumbo. Fresno simjui mtu ila binamu yangu Lyle, mchinjaji, mwenye ndevu mpaka kifuani. Nimempelekea simu ya maandishi. Anyoe.