Ndoa Iliyofungwa kwa Mpira wa Purifoy

Clovis alikuwa amelikalia gazeti. Kalikalia kabisa, makalio yote mawili, kwenye kiti chake cha kila asubuhi ndani ya mgahawa wa mkewe Earlene, mjini Tolliver, Mississippi.

"Nadhiri, inuka bwana, tusome," alisema Takwimu, akimwita Clovis kwa jina la utani; kinyozi mstaafu huyo anajua matokeo ya kila mechi tangu enzi za babu yake.

"Humu hamna kitu. Mvua tu na bei ya pamba."

"Mvua gani? Mke wangu kanisomea yote! Mchungaji Purifoy kakiri mbele ya chuo kizima. Wamemwita wampe nishani ya mpira wa Kimarekani, yeye kashika kipaza sauti kasema: jamani, ule mpira wa ushindi wa mwaka themanini na tisa sikuudaka. Uligusa nyasi kwanza."

Gia, fundi magari, akasukuma pembeni sahani yake ya mayai. "Weee! Mtu kawa mchungaji wa hospitali, anawashika mikono wanaokata roho, kumbe miaka yote kabana siri kifuani!"

"Hao hao wanaokata roho ndio waliomponza. Kuna mzee alikuwa mahututi, kofia ya timu kichwani, kamwambia: mchungaji, sala baadaye, kwanza nisimulie ulivyodaka. Kamsimulia. Mzee kafa anatabasamu. Purifoy tangu hapo usingizi hana."

"Si angenyamaza tu! Na refa alikuwa wapi?"

"Nyuma ya mgongo wake. Na video za marudio siku hizo nani alikuwa nazo?"

Gia akamgeukia Clovis, macho yanacheka. "Sasa mzee, limekukuta. Si wewe uliyeapa asubuhi ya mechi, mbele ya Mungu na Earlene mwenyewe: Fahali wa chuo wakishinda naoa, wakifungwa naenda zangu jeshini?"

"Niliapa. Kwani vipi?"

"Basi Fahali hawakushinda. Ndoa batili!"

"We Gia, ana watoto watatu huyu!" Takwimu aliruka.

"Watoto halali. Ndoa ndiyo imechezwa faulo."

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika mezani. Clovis hakucheka. Kila mwaka, siku ya ndoa yao, humwambia Earlene kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyemchagua, na Earlene huinamisha kichwa. Leo amwambie nini? Kwamba walioana kwa makosa ya refa? Moyo ulimuuma kwelikweli.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Purifoy, mrefu, anachechemea kwa magoti yaliyoumizwa uwanjani, kitambulisho cha hospitali kinaning'inia kifuani.

"Clovis ndugu yangu, wewe ndiye wa kwanza ninayemwomba radhi."

"Shhh! Mke wangu yuko jikoni!"

"Siwezi kunyamaza tena. Nimekuharibia..."

"Kakuharibia nini?" Earlene alikuwa tayari kasimama mlangoni mwa jikoni, birika la kahawa mkononi.

Gia ghafla akapata hamu ya mayai yake. Takwimu akaanza kuhesabu vigae vya dari. Clovis akainuka pole pole, gazeti likabaki kitini, limekunjamana na joto la mwenyewe.

"Earlene, mke wangu, usikasirike. Ule mpira... uligusa nyasi."

"Najua."

"Unajua? Umesoma saa ngapi?"

"Nisome nini? Niliona." Akammiminia Purifoy kahawa. "Bendi ya chuo tulikaa kona ile ile alipoanguka mchungaji, hatua tano tu. Uligusa, tena ukadunda. Refa kazubaa, hajui anyanyue mikono kutoa alama au aache. Nikapuliza tarumbeta la ushindi, bendi nzima ikanifuata. Naye kusikia hivyo, akanyanyua."

Purifoy akajishika kichwa. "Dada Earlene! Miaka thelathini na tano natubu peke yangu?"

"Pole, mchungaji. Kunywa kahawa."

Clovis akasema, "Lakini mimi nilidhani ni Mungu! Earlene, ulinidanganya kwa nini?"

Earlene akaweka birika chini, akamtazama.

"Ulikuwa unaenda jeshini, Clovis. Nikukose kwa sababu ya nyasi?"